Nati Moja na Bolti za Nyuma

Jina la Nati Moja hakupewa na wazazi wake, msije mkamsema vibaya mama wa watu. Alipewa stoo, mchana kweupe, mbele ya mafundi waliojipanga kuchukua glavu, na aliyempa alikuwa anatafuna karanga.

Ilikuwa hivi. Binti kaajiriwa ofisi ya kuchora mabomba, bado hata hajajua choo kiko wapi, kakabidhiwa programu ya kompyuta ambayo ndani yake unajenga mtambo mzima kwa kidole: bomba hapa, kona pale, vali katikati. Uzuri wa programu ile, ukishaunganisha vali na bomba, yenyewe inajiongezea bolti, nati na gasketi, mwisho inakutemea orodha ya vitu vya kununua. Ubaya wake, inafuata ulivyoipanga, haijali ulikuwa unamaanisha nini. Kuna kisanduku cha kujaza idadi ya nati kwa kila bolti. Yeye akakipita, akajaza kile cha chini yake, cha mradi mzima. Orodha ikatoka imenyooka, imepigwa mhuri: bolti mamia kwa mamia, nati moja.

Mzee Stoo, mtunza vifaa, aliisoma, akasogeza miwani, akaisoma tena.

"Binti yangu," akasema, "hii nati moja tutakuwa tunaazimana? Tukishakaza bolti hii, tunaifungua, tunampelekea jirani yake?"

Basi. Kabla ya chakula cha mchana jina lilikuwa limefika getini. Jamaa anayechora nyaya za umeme, dawati la pembeni yake, akatengeneza stika ya nati yenye uso wa yule binti, macho yamefumba. Mpaka leo ukituma habari njema kwenye kundi la ofisi, unajibiwa kwa stika ile. Na yule mama mkuu wao, wanayemwita Injinia tu, mtu asiyecheka hata akitekenywa, siku moja aliandika, "Mwambieni Nati Moja alete michoro." Hakuwa anatania. Alidhani ndilo jina.

Ukibebeshwa jina kama hilo unajifunza kucheka wa kwanza, ili wenzako wakukute umeshamaliza. Hilo ni zuri. Lakini Nati Moja alijifunza na jambo la pili ambalo si zuri: neno bolti likitajwa kwenye kikao, yeye anaangusha kalamu na kuitafuta chini ya meza mpaka mada ibadilike. Alikuwa hodari, nisimnyime haki yake. Michoro yake ilikuwa safi. Ila kuuliza swali lenye bolti ndani yake? Bora ameze sabuni.

Sasa, kaka yake. Hawa wawili wamezaliwa tumbo moja, na mama yao hakubahatika kupata wa tatu. Kaka ni fundi wa mabomba. Mdogo mtu anachora ofisini, mkubwa anafunga kwa spana, na mradi waliokuwa nao ulikuwa mmoja, kituo cha kupokea gesi ya kupikia nje ya mji. Kwa hiyo kosa la dada ofisini lilikuwa linamfikia kaka likiwa chuma.

Asubuhi ya siku yenyewe kaka alikuwa anafunga kamba za buti, mguu juu ya stuli.

"Shusha mguu kwenye stuli yangu," mama akasema bila kugeuka.

"Mama, hili buti ndilo linalokulisha."

"Na stuli ndiyo inayonikalisha. Shusha."

Akashusha. "Leo ndiyo leo. Tunapima mabomba kwa hewa."

"Si kwa maji kama ile mara ya mwisho?"

"Ya gesi haya, mama. Maji hayatakiwi ndani."

"Hewa afadhali," mama akasema. "Hewa haina uzito."

Kaka na dada wakatazamana juu ya vikombe. Watu wa mabomba wanajua. Maji ukiyabana yakapata upenyo yanakulowesha, yanamaliza hasira hapo hapo. Hewa ukiibana inajikunja kama springi, inasubiri, na siku ikitoka inatoka na kilichokuwa mbele yake: nati, chuma, mtu.

"Ndiyo, mama," kaka akasema. "Afadhali."

Akamgeukia mdogo wake. "Halafu nyie watu wa viyoyozi. Zile bolti za vali za kipepeo mlipima kwa kidole? Fupi vile."

"Fupi vipi?"

"Fupi za kukosa mkia." Alikuwa anamaanisha ule uzi wa bolti unaotakiwa uchungulie nje ya nati, usipochungulia, nati haijashika yote. "Lakini tumejiongeza. Si zina nati huku na huku? Tumezisogeza mbele. Ukisimama mbele nyuzi zinachungulia, zinapendeza mpaka unataka kupiga nazo picha. Nyuma ni ukuta, na mkaguzi ana tumbo, hapiti."

"Kwa nini hamkusema?"

"Nimwambie nani, Nati Moja? Nikutafutie na jina la pili?"

Dada akacheka. Wa kwanza, kama kawaida yake. Kicheko kile kilikuja kumkaa kooni siku nyingi, kama mfupa wa samaki.

Ofisini alijimiminia chai, akatundika mkoba, akakaa. Hapo ndipo swali lilipomgusa begani: mbona vali za kipepeo tu? Mtambo una vali za kila aina. Mbona hizo nyingine kaka hakuzilalamikia?

Vali ya kipepeo ni nyembamba. Haina masikio ya kufungiwa kama wenzake. Inakaa katikati ya flenji mbili, yale masahani ya chuma mwishoni mwa bomba, kama siagi katikati ya vipande viwili vya mkate. Bolti ni ndefu, inatoka sahani hii, inapita pembeni ya vali, inatokea sahani ya pili, nati huku na nati huku. Programu inajumlisha unene wa kila kilicho katikati, halafu inakwambia nunua bolti ya urefu huu.

Akafungua mpangilio wa vali ile. Unene wa flenji, upo. Unene wa vali, upo. Gasketi, kile kipande duara kinachobanwa kati ya vyuma ili pasivuje...

Kisanduku cha gasketi kilikuwa na alama. "Haihitajiki."

Na alama aliiweka yeye. Mwanzoni mradi ulikuwa na vali za kipepeo zenye mpira wake wenyewe, na vali ya hivyo haitaki gasketi, kwa hiyo aliizima, na alikuwa sahihi kabisa. Baadaye Injinia akabadilisha, akataka vali za chuma tupu kwa sababu ya gesi. Nati Moja akabadilisha picha, akabadilisha unene, akabadilisha uzito. Alama akaiacha pale pale, imetulia, kama paka aliyesahauliwa ndani ya nyumba iliyohamwa.

Kwa hiyo gasketi hazikununuliwa. Mafundi huko, wakijua vali ya chuma haikai bila gasketi, wakachukua za akiba stoo wakazipachika. Kazi nzuri, isipokuwa gasketi mbili kwa kila vali zilikula urefu ambao bolti hazikuwa nao. Na kaka mtu akazisogeza mbele zipendeze. Upungufu wote ukahamia nyuma. Kule ukutani nati zilikuwa zimeng'ata nusu tu, kama mtu anayening'inia dirishani kwa ncha za vidole.



Mngetaka niseme aliruka akashika simu. Hakuruka. Alifunga ule ukurasa, akaufungua tena, kana kwamba alama ingeona aibu ikaondoka. Haikuondoka. Akaangalia ukutani, saa ya ofisi inatembea. Akajiambia, nati za mbele zimeshika. Akajiambia, mafundi si wajinga. Akajiambia neno baya kuliko yote: wakimaliza kupima salama, nitarekebisha kimyakimya, wiki ijayo, nani atajua. Akafungua kundi la ofisi, akaandika, "Jamani, kuna tatizo dogo la bolti." Aliona hata kabla ya kutuma stika zinavyokuja, nati baada ya nati, uso wake baada ya uso wake. Akafuta. Akaandika. Akafuta.

"Vipi, Nati?" jamaa wa umeme akamuuliza. "Umekauka kama umeona mzimu."

"Niko sawa."

Chai yake ilikuwa imeweka utando juu. Akautazama ule utando. Hapo ndipo akili ilipomletea neno la asubuhi ambalo hakulipa uzito: *tunapima*. Kaka hakusema *wanapima*, alijihesabu na yeye mwenyewe. Wakishaijaza hewa, lazima mtu apite kila kiungo na sabuni ya povu, aipake, aangalie kama inatoa mapovu. Anapaka mbele. Anazunguka, anapiga magoti, anapaka nyuma. Na mtu wa sabuni miradi yote alikuwa kaka yake, kwa sababu ndiye mwembamba anayeenea ukutani.

Akapiga. Simu ya kaka haipatikani. Bila shaka haipatikani, eneo la gesi simu zote zinaachwa kwenye kasha getini. Akampigia Injinia aliyekuwa huko huko kusimamia. Ikaita, ikaita, nayo ilikuwa ndani ya kasha lile lile, unaweza ukawaza inavyotetemeka juu ya simu ya kaka. Akampigia mlinzi.

"Dada, wameshafunga kamba ya hatari. Mimi na geti langu, siachi geti."

Ilibaki simu moja, ile ya waya, ya stoo.

Akavuta simu ya mezani, kidole kikasimama juu ya namba. Dunia nzima, na mlango uliobaki ni wa yule yule mtu. Akabonyeza.

"Stoo." Na karanga mdomoni, kama zamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Wa ofisi ya michoro."

"Mko wengi huko. Nani?"

Akasema, "Nati Moja."

"Aaa, mwanangu." Kicheko kikaja polepole, cha mtu aliyeshiba. "Enhe. Leo zimefika mbili?"

"Mzee, wasimamishe kupima. Bolti za vali za kipepeo ni fupi."

"Fupi ya wapi. Zimepokelewa, zimefungwa, mkaguzi kapita kaitikia kwa kichwa. Hata nati zimetosha safari hii, nilizihesabu mwenyewe kwa heshima yako."

"Mkaguzi kaona mbele. Nyuma zimeshika nusu."

"Nani kasema?"

Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Kusema "kompyuta" kungeleta kicheko kingine. Na jibu la kweli lilikuwa na jina la mtu wa kwao, mshahara wa mtu wa kwao.

"Kaka yangu," akasema. "Ndiye aliyezisogeza."

Karanga zikanyamaza.

"Unajua ulichosema? Huyo wanamtoa kazini leo leo."

"Najua."

"Na kosa la urefu ni la nani?"

"Langu, mzee. Yuko wapi saa hizi?"

Kiti kikalia, mtu akisimama. "Kompresa wameshaizima, hewa imejaa. Namwona hapa dirishani. Ameshavuka kamba, ana ndoo ya sabuni."

"Ataenda nyuma. Mzee, atapiga magoti nyuma."

 Simu haikukatwa, iliwekwa mezani, akasikia kipokeo chake kikigonga mbao. Kisha ile redio ya mkononi, inakwaruza. "Stoo kwa mnaopima. Stoo kwa mnaopima." Kimya. Tena. Kimya. Nati Moja alikuwa ameshika ukingo wa dawati kwa mkono wa pili.

Sauti ikajibu kwa mbali: "Mzee, tuache, tuko kazini."

"Mtoeni mtu wa sabuni."

"Sababu?"

 Hapo, wapendwa, Nati Moja aliijua sababu itakayotajwa. *Nati Moja kapiga simu.* Alijua na kitakachofuata, mtu atacheka, na wakati anacheka, kaka anainamisha ndoo, anapiga goti.

"Sababu ni mimi," Mzee Stoo akasema. "Nimesema mtoeni. Na hewa ishusheni. Mkitaka kunishtaki mtanikuta hapa hapa."

Buti zikatoka mbio, mlango ukajibamiza. Simu ikabaki na chumba kitupu.

Halafu ukaja mlio.

Ulianza kama kitambaa kinachopasuliwa, ukapanda, ukajaa sikio lote. Hewa inayofunguliwa kwa makusudi na hewa iliyopasua kitu, kwenye simu zinafanana. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, alikuwa anajifunza sasa hivi. "Mzee?" akaita. "Mzee?" Mlio ukaendelea. Akamwona mama yao akifuta stuli. Akamsikia akisema hewa haina uzito. Akajikuta amekaa sakafuni na simu sikioni, waya umenyooka, na ofisi nzima imegeuka kumtazama, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakujali wanatazama nini.

Mlio ukapungua. Ukawa kama pumzi. Ukaisha.

Hakuna kitu. Chumba kitupu.

Nyayo.

"Wewe mtoto," sauti ya kaka ikasema, inahema, ina hasira za kutosha kijiji kizima. "Nani alikutuma ufungue mdomo wako?"

Hajawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Injinia alirudi ofisini mchana, buti zina vumbi, akamwita, akafunga mlango. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Uliona saa ngapi?"

"Nilipofika tu."

"Ulipiga saa ngapi?"

Nati Moja akatazama mikono yake. "Chai ilikuwa imepoa."

"Ulimimina ya moto?"

"Ya moto, Injinia."

"Chai nzima," Injinia akasema, kama anayeandika kitu kichwani mwake.  "Kazini unabaki. Kesho utapitia kila vali ya kila mradi, utaniletea. Kaka yako ataondoka pale kwanza, siwezi kumrudisha mtu anayepamba mbele. Nenda."

Nyumbani ikawa msiba usio na maiti. Kaka mtu alikuwa anakula bila kumtazama, anaomba chumvi kwa kupitia mama. "Mama, mwambie mwanao anipe chumvi." Mama anageuka huku, anageuka huku. "Mmekula nini nyie? Mmegombea nini?" Hakuna aliyemwambia. Mpaka leo hajaambiwa, na kama unamfahamu, funga mdomo.

Ilikuwa Jumapili ndipo kaka alipokuja akasimama mlangoni mwa chumba cha dada. Akatoa mfukoni bolti, ndefu, nati mbili, huku na huku. Akaiweka juu ya kitanda.

"Ya vali ya tatu. Wameniachia."

"Niifanyeje?"

"Shika nati ya upande wa giza, ule wa ukutani. Usitumie nguvu."

Akaishika kwa vidole viwili. Hakuizungusha. Aliivuta tu, ikatoka, kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda. Ndani nyuzi zilikuwa zimelala, zinang'aa, zimekatika vipande vyembamba kama nywele. Ile haikuwa inashikilia. Ilikuwa imesimama pale kwa heshima tu.

"Tulizifungua zote kuangalia," kaka akasema. "Nyuma kule ziko tatu hivyo, zimefuatana. Ya nne ingefuata, na ya tano, kama zipu." Akakuna shingo. "Mzee alipopiga kelele nilikuwa nimeshapiga goti. Ndoo iko kati ya magoti. Uso hapa." Akaweka kiganja mbele ya pua yake. "Nilimtukana. Nikamwambia ngoja nimalizie hii moja."

"Ukamalizia?"

"Alinivuta kola."

 Kisha kaka akasema, kwa sauti ya chini ambayo si yake, "Usimwambie mama kwamba hewa ina uzito."

Bolti ile iko kwenye dawati lake. Jina halikubadilika, msidhani watu wana huruma; stika ipo, inatumwa, na Mzee Stoo kila akipokea orodha anapiga: "Nati Moja, leo ndefu au fupi?" Naye siku hizi hacheki. Anafungua programu, anasoma vali moja moja, flenji, gasketi, unene, anamjibu, na mzee anasikiliza mpaka mwisho. Kaka kapata kazi kwingine, bado ni mwembamba, bado wanampa ndoo ya sabuni. Siku anazopima, dada mtu hanywi chai. Anaimimina, anaiweka pembeni ya kompyuta, anaiangalia inavyoweka utando, na tairi la gari likitoa upepo huko barabarani, anashika ukingo wa dawati.

Sasa zamu yenu, nyie mnaosoma huku mmejificha chini ya meza mkitafuta kalamu. Andikeni hapo chini: ni kosa gani uliliona wewe peke yako, nani alikuwa amesimama karibu nalo, na chai yako ilipoa kiasi gani kabla hujasema. Na kama jina lako la kazini lina aibu kushinda Nati Moja, lilete na lenyewe. Hatutacheka. Yaani, tutacheka, lakini tutasoma mpaka mwisho.